Dawa Iko Wapi?

Vidole vya Egas Moniz viliharibiwa na jongo tangu ujanani. Alikuwa daktari wa magonjwa ya neva jijini Lisbon, na kabla ya hapo alishapitia ubunge, ubalozi mjini Madrid na hata uwaziri wa mambo ya nje wa Ureno. Mtu wa maneno mengi na fikra kubwa kubwa, ila sindano ilimshinda kushika. Kwa hiyo mwaka 1927, alipoazimia kupiga picha mishipa ya damu ndani ya ubongo wa mtu aliye hai, mkono uliofanya kazi ulikuwa wa daktari kijana wa upasuaji, Almeida Lima. Mzee alisimama kando, akielekeza.

Jambo lililomkosesha usingizi lilikuwa uvimbe wa ubongo. Uvimbe wa titi hupapaswa, wa tumbo hubonyezwa, lakini wa kichwani umefungiwa ndani ya sanduku la mfupa. Eksirei nayo, tangu Röntgen aigundue mwaka 1895, ilijua mifupa tu. Ubongo ni laini, damu ni majimaji, uvimbe ni nyama, na miale huvipita vyote vitatu kama upepo upitavyo kwenye chandarua. Njia iliyokuwapo ilikuwa ya Mmarekani Walter Dandy: unanyonya maji yaliyomo ndani ya ubongo, unaweka hewa mahali pake, kisha unatazama vyumba vya hewa vimepinda upande gani. Mgonjwa aliyefanyiwa hivyo alishinda na kulala akitapika, kichwa kikimpasuka.

Moniz akawaza kwa njia nyingine. Uvimbe haukui bila damu. Ukinenepa utaisukuma mishipa ya jirani, au utaotesha ya kwake, iliyojikunja kunja bila mpango. Basi usiusake uvimbe wenyewe, isake mishipa. Itie damu kitu kizito kinachozuia miale, na upige picha kabla hakijapita. Walianza na maiti, wakaja kwa mbwa, wakafika kwa wagonjwa. Dawa ya kwanza ilikuwa bromidi ya strontiamu, na mgonjwa mmoja akafa. Wakabadili, wakatumia iodidi ya sodiamu, na tarehe 28 Juni 1927 kioo cha picha kikaonyesha kitu ambacho hakuna jicho lililowahi kukiona: mishipa ya ubongo wa kijana wa miaka 20, imetanda kama matawi ya mti, na matawi mengine yamesukumwa nje ya njia yake na uvimbe wa tezi iliyo chini ya ubongo. Siku chache baadaye Moniz alikuwa Paris, akiwaonyesha wenzake.

Watu wengi humkumbuka Moniz kwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1949, aliyopewa kwa upasuaji wa kukata nyuzi za ubongo wa wagonjwa wa akili, upasuaji ambao leo hakuna anayetaka kuusikia. Hilo ni somo la siku nyingine. Mimi nabaki kwenye picha, kwa sababu picha ilikuwa kazi yake njema, na kazi njema ikileta maafa hutufundisha zaidi kuliko kazi mbaya.

Iodidi iliunguza. Ilipopita kwenye mshipa mgonjwa alilia kwa maumivu, na baadhi walishikwa na degedege. Kila daktari aliyejaribu njia ya Moniz alitamani dawa ya upole zaidi, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikaja kutoka Ujerumani, ndani ya chupa ndogo, kwa jina la Thorotrast. Ilikuwa chembe ndogo mno za oksidi ya thoriamu zilizoelea katika maji. Thoriamu ni metali nzito kupita iodini, kwa hiyo huizuia miale barabara. Tena haikuuma. Haikuchefua, haikuleta degedege, haikuharibu figo. Mgonjwa alilala kimya, picha ikatoka kali, kila kijishipa kimechorwa kama kwa wino. Moniz mwenyewe aliihamia mwaka 1931. Kipya kinyemi, walisema wahenga, ingawa kidonda. Na hiki hata kidonda hakikuonekana. Katika miaka ishirini na ushei iliyofuata Thorotrast ilidungwa watu wanaokadiriwa kwa mamilioni, huko Ulaya, Marekani na Japani, wakiwemo askari wa Kijapani waliojeruhiwa vitani ambao madaktari walitaka kujua mshipa gani umekatika.

Sasa tuulize swali ambalo picha haiulizi. Mpigapicha ameshaondoka, kioo kimeoshwa, mgonjwa amerudi wodini. Dawa iko wapi?

Iko kwenye ini, wengu na uboho. Mwili una seli walinzi ambao kazi yao ni kumeza takataka zinazoelea katika damu, na wengi wao wanakaa katika viungo hivyo vitatu. Walizimeza chembe za thoriamu kama wanavyomeza bakteria, lakini bakteria humeng'enywa na thoriamu haimeng'enyeki. Haitoki kwa mkojo, haitoki kwa choo isipokuwa kidogo sana. Zaidi ya nusu ilitulia kwenye ini, sehemu kubwa ya iliyobaki kwenye wengu, na pale ilipotulia ikatulia maisha yote. Na thoriamu ina mionzi. Mionzi yake mikuu ni ya alfa, ambayo ikiwa nje ya mwili haina nguvu hata ya kupenya karatasi, lakini ikiwa ndani, imegusana na seli, huipiga seli hiyo hiyo na jirani zake kwa kishindo, mchana na usiku. Thoriamu huchukua miaka bilioni 14 kupungua nusu. Ulimwengu wenyewe haujafikisha umri huo.

Hapa ndipo ninapokwama kila nikisoma habari hizi. Ningeweza kuwasamehe wote kwa kusema hawakujua. Lakini walijua. Walijua dawa inabaki, kwani baadhi yao waliitumia kwa sababu hiyo hiyo: ukitaka picha ya ini na wengu, dunga Thorotrast, subiri, kisha piga, navyo vitaonekana vyeupe vyema. Mtu aliyepigwa picha ya kifua miaka kumi baada ya sindano, kwa kikohozi tu, ini lake lilionekana jeupe kama lililopakwa chokaa. Walijua pia kwamba thoriamu ina mionzi. Hilo lilifahamika tangu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Na walijua mionzi iliyoingia mwilini huua. Wasichana wa viwanda vya saa nchini Marekani, waliokuwa wakilamba brashi zenye rangi ya radiamu ili zichongoke, walikuwa wameoza mataya katika miaka ya 1920. Mwaka 1932 akafa tajiri wa Pittsburgh, Eben Byers, aliyekunywa maji ya radiamu kwa imani kwamba yanaongeza nguvu, na magazeti yakaandika. Mwaka huo huo baraza la dawa la chama cha madaktari wa Marekani lilionya dhidi ya kuidunga Thorotrast kwenye mishipa, likitaja mionzi.

Onyo likasomwa, na sindano ikaendelea.

Tusiwahukumu kwa wepesi, maana hoja zao hazikuwa za kipumbavu. Kipimo kilikuwa kidogo, walisema. Mgonjwa mwenye uvimbe wa ubongo ana siku chache, nani atahesabu miaka ishirini ijayo? Nayo mbadala wake ilikuwa iodidi inayounguza, au hewa ya Dandy. Zaidi ya yote, walikuwa na ushahidi wa macho: wamedunga mamia na hakuna aliyedhurika. Ila hoja ya kwamba mgonjwa atakufa karibuni ilikuwa na tundu. Picha haikupigwa kwa wenye uvimbe peke yao. Ilipigwa kwa kila aliyeshukiwa, na wengi wakaambiwa hamna kitu, nendeni nyumbani. Wakaenda, wakaoa, wakazaa, na ini jeupe ndani.

Mwaka 1947 madaktari wa Marekani walichapisha habari za mgonjwa aliyedungwa Thorotrast miaka mingi kabla, na akafa kwa saratani ya ini ya aina adimu mno. Baadaye ripoti zikamiminika. Ujerumani, Denmark, Ureno na Japani zilifukua majalada ya zamani ya hospitali, zikawatafuta waliodungwa mmoja mmoja, zikawafuatilia kwa makumi ya miaka, na kuwalinganisha na wenzao ambao hawakudungwa. Katika uchunguzi wa Ujerumani, saratani za ini upande wa waliodungwa zilihesabiwa kwa mamia, na upande wa pili kwa vidole. Ugonjwa ulichukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza, muda wa kutosha aliyedunga kustaafu na aliyedungwa kusahau.

Na ile saratani adimu ilikuwa ipi? Angiosakoma, saratani inayotokana na seli zinazotandika ndani ya mishipa ya damu. Dawa iliyoletwa ili tuione mishipa ya uvimbe ilitengeneza uvimbe wa mishipa. Kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kiliingia ndani zaidi ya nguo.

Katikati ya miaka ya 1950 Thorotrast iliachwa, na iodini ikarudi ikiwa imefungwa ndani ya molekuli mpya zinazotoka kwa mkojo.  Bado iliunguza kidogo, mpaka Msweden Torsten Almén alipojiuliza jambo ambalo mtoto yeyote wa Bagamoyo au Lamu angeweza kumsaidia: kwa nini akiogelea bahari ya magharibi ya Sweden, yenye chumvi nyingi, macho yanawasha, na akiogelea Baltiki, yenye chumvi kidogo, hayawashi? Akaona kwamba dawa inaunguza mishipa kama chumvi inavyowasha macho, kwa wingi wa chembe zilizoyeyuka ndani yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akapendekeza molekuli isiyogawanyika ndani ya maji, na hiyo ndiyo jadi ya dawa unayodungwa leo kwenye kipimo cha CT, ile inayokupa joto la ghafla mwilini na ladha ya chuma mdomoni. Mhudumu anapokuuliza kuhusu figo zako na kutaka majibu ya kreatinini kabla ya sindano, usimwone msumbufu. Anauliza dawa itatokea wapi.

Swali hilo lilihitaji kuulizwa upya hata kwa gadoliniamu, metali inayotumika kung'arisha picha za MRI. Watu wenye figo zilizokufa walianza kukakamaa ngozi na viungo mwishoni mwa miaka ya 1990, wala hakuna aliyejua sababu, hadi mwaka 2006 daktari mmoja wa Austria alipogundua kwamba wagonjwa wake wote wenye hali hiyo walikuwa wamedungwa gadoliniamu. Figo hazikuitoa, ikabaki.

Lakini gadoliniamu ina kisa kingine ambacho, kwa maoni yangu, ni kigumu zaidi kukigundua. Humo dawa ya picha haikumdhuru mtu. Iliwadanganya madaktari tu.

Mwaka 1971 Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa Boston, aliandika kwamba uvimbe hauwezi kuzidi milimita chache bila kujivutia mishipa mipya ya damu. Uzuie mishipa, nao utakufa njaa. Wengi walimcheka. Mwaka 1983, katika mji huo huo, Harold Dvorak na wenzake walipata protini inayotolewa na uvimbe na kuifanya mishipa ivuje. Mwaka 1989 huko California, Napoleone Ferrara akapata protini inayoiamuru mishipa iote. Ikabainika kwamba ni protini ile ile. Mkono mmoja unachimba mfereji, na mkono huo huo unautoboa. Mtu aliyetengeneza dawa ya kuukamata mkono huo angesimamisha mambo mawili kwa pamoja, kuota na kuvuja, na la pili lingesimama mapema zaidi. Hapo ndipo mtego ulipowekwa.

Mishipa ya kawaida ya ubongo ina kuta zilizoshonwa kwa kubana. Gadoliniamu hupita ndani yake na kutoka bila kumwagika. Katika glioblastoma, uvimbe mkali kuliko wote unaoanzia ndani ya ubongo, mishipa imeumbwa ovyo na inavuja, na gadoliniamu humwagika ikatuama nje ya mshipa. Kwenye picha pale panang'aa. Kwa hiyo tangu mwaka 1990 wataalamu walikubaliana kipimo chepesi: pima sehemu inayong'aa, urefu mara upana. Ikipungua nusu au zaidi, tiba imefanya kazi. Kwa tiba za zamani, zilizoua seli za uvimbe bila kugusa uvujaji, kipimo hiki kilitosha kiasi.

Kisha ikaja bevasizumabu, dawa inayoikamata ile protini. Ilikwisha kubaliwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Wagonjwa wa glioblastoma iliyorudi walipopewa, picha zilishangaza. Eneo lililokuwa linawaka kama taa lilififia ndani ya siku chache. Mwaka 2009 Marekani iliruhusu matumizi hayo kwa haraka, kwa kutegemea tafiti mbili ambamo karibu mmoja kati ya wagonjwa wanne au watano uvimbe wake ulihesabiwa kuwa umesinyaa. Mwaka huo huo wadhibiti wa Ulaya walitazama takwimu zile zile wakakataa.

Nawaheshimu waliokataa. Haikuwa rahisi kutazama giza zuri kama lile kwenye picha ya mgonjwa anayekufa, na kusema hatujaridhika. Lakini fikiri bomba la mtaani linalovuja. Fundi akija akaliziba, dimbwi la barabarani litakauka. Hutasema kwa sababu dimbwi limekauka basi nyumba ya jirani imebomoka. Uvimbe ulikuwa nyumba, mng'ao ulikuwa dimbwi, na kipimo cha mwaka 1990 kilipima dimbwi. Katika baadhi ya wagonjwa seli za saratani ziliendelea kutambaa kwenye nyama ya ubongo zikifuata mishipa mizima isiyovuja, mahali ambapo gadoliniamu haimwagiki na kwa hiyo hapang'ai. Zilionekana kama kivuli hafifu kwenye aina nyingine ya picha ya MRI, isiyotegemea dawa, kwa yule aliyekumbuka kuitazama.

Mwaka 2014 majaribio mawili makubwa yalichapishwa, ya wagonjwa ambao glioblastoma yao ilikuwa imegunduliwa karibuni. Picha za waliopewa bevasizumabu zilikaa nzuri kwa miezi kadhaa zaidi. Maisha yao hayakurefuka.

Dawa haikuwa bure. Ubongo uliovimba kwa maji ya uvujaji humuumiza mtu, humpooza mkono, humfungia usemi. Kuziba uvujaji kulimwondolea mtu maumivu ya kichwa na kumpunguzia vidonge vya steroidi vinavyovimbisha uso. Kwa mtu aliyebakiwa na miezi, hiyo ni neema, na ndiyo maana bado hutumika. Kosa lilikuwa kuliita jambo hilo kwa jina la jambo jingine.

Upo na udanganyifu wa upande wa pili. Baada ya tiba ya mionzi, mishipa iliyochomwa huvuja kwa wiki au miezi, na picha hung'aa kuliko kabla ya tiba. Daktari asiyejua ataona uvimbe umekua, atasimamisha dawa iliyokuwa inafanya kazi, atamhamishia mgonjwa kwenye nyingine.

Mwaka 2010, kabla hata majaribio yale hayajakamilika, kundi la wataalamu wa mataifa mbalimbali lilitoa vigezo vipya. Mng'ao bado hupimwa. Ila vigezo hivyo vilimtaka mtu atazame na picha isiyotegemea gadoliniamu, ajue mgonjwa anameza steroidi kiasi gani, kwa sababu nazo huziba uvujaji, amtazame mgonjwa mwenyewe anatembeaje na anaongeaje, na asitangaze ushindi mpaka picha irudiwe baada ya wiki zisizopungua nne. Wapo pia wanaopima namna dawa inavyoingia na kutoka kwenye uvimbe, sekunde kwa sekunde, ili watenganishe wingi wa damu na kasi ya uvujaji. Kipimo hicho ni kigumu zaidi na kinachukua muda, na hospitali mbili zaweza kupata tarakimu mbili tofauti kwa mgonjwa mmoja. Lakini angalau kinauliza swali lenyewe.

Ndugu wa mgonjwa hawayajui haya, wala hawana sababu ya kuyajua. Wanaingia chumbani, wanaona picha mbili ubaoni: ya mwezi uliopita ina doa jeupe la ukubwa wa limau, ya leo haina. Mkubwa wao, pengine kaka mtu, anashindwa kujizuia.

"Daktari, umekwisha?"

Daktari mzuri atamkaribisha akae kwanza.

"Mishipa imeacha kuvuja, kaka," atasema. "Ndiyo maana dawa haionekani tena pale. Uvimbe wenyewe tutauangalia kwenye picha nyingine hii hapa, na tutarudia tena baada ya wiki nne. Hebu niambieni, nyumbani anakula vipi? Anawaita kwa majina yenu?"